Paul Chambers: Mpiga Besi Ambaye Simu Yako Inamfuta

Wadau, leo kabla hujalala fanya jaribio moja. Fungua "So What" ya Miles Davis kwenye simu, usichomeke kitu chochote, iache icheze na spika ya simu tu. Utasikia piano, utasikia tarumbeta. Sasa rudisha mwanzo, vaa hedifoni, sikiliza tena.

Umeona? Kuna mtu mzima mle ndani ambaye simu yako ilikuwa imemficha. Tena si mtu wa pembeni. Ndiye anayeimba wimbo wenyewe, wengine wanaitikia tu.

Huyo jamaa anaitwa Paul Chambers, na mimi kwake nimeshajifia zamani. Leo naomba nikusimulie habari zake, kwa sababu watu wengi wamemsikia maisha yao yote na jina lake hawalijui.

Kwanza chombo chenyewe. Anapiga besi ile kubwa ya kusimama, inayompita mtu kimo. Kama umewahi kuona kundi la taarab asilia Zanzibar jukwaani, lile dude lililosimama nyuma ya fidla ndilo hilo hilo. Uzi wake mzito kabisa unatoa sauti ya chini sana, na kispika cha simu hakina ubavu wa kuifikia. Ndiyo maana inapotea.

Chambers alizaliwa Pittsburgh, Marekani, tarehe 22 Aprili 1935, akakulia Detroit baada ya mama yake kufariki. Shuleni hakuanza na besi. Alipewa tuba, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu kama chatu. Akawa analibeba kwenye maandamano ya bendi, safari ndefu, mgongo unauma. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba kazi ya kulibeba ilimchosha, na wala hakulipenda hivyo. Akahamia besi. Akajifunza kwa mpiga besi wa okestra ya simfoni ya Detroit, akasoma Cass Tech, shule ya mji huo ambayo imetoa wanamuziki wengi. Huko ndiko alikoshika vizuri upinde, na upinde utarudi kwenye stori hii.

Mwaka 1955 Miles Davis anaunda bendi mpya New York. Anamchukua Chambers. Dogo ana miaka 20 tu! Kwenye bendi hiyo yumo John Coltrane na saksafoni yake. Chambers akakaa na Miles mpaka 1963, wakati wenzake wakija na kuondoka.

Sasa tuje 1959. Studio ya Columbia, Mtaa wa 30, New York, jengo lililokuwa kanisa. Wanarekodi "Kind of Blue" kwa siku mbili tu: tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili. Iangalie vizuri hiyo tarehe ya pili. Ilikuwa birthday yake. Alitimiza miaka 24 akiwa amekumbatia besi, akipiga "All Blues", ambamo anashikilia kijisehemu kile kile karibu mwanzo mpaka mwisho, zaidi ya dakika 11. Jaribu wewe kurudia kitu kimoja dakika 11 bila kuchosha watu. Yeye hachoshi. Anakubembeleza kama mtumbwi ulioachwa kwenye maji yaliyotulia.

Na "So What" ndiyo kabisa. Kwenye jazz ya wakati ule mpigo mkuu wa wimbo ulikuwa kazi ya tarumbeta na saksafoni, besi inakaa chini inabeba mzigo. Hapa Miles akageuza. Besi inauliza, piano inajibu kwa milio miwili, halafu tarumbeta na saksafoni zinaingia kuitikia vile vile. Ni kama kiongozi wa ngoma akitoa sauti na kundi linaitikia. Kiongozi ni kijana wa miaka 23.

Albamu hiyo imethibitishwa kufikisha nakala milioni 5 Marekani peke yake. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo likapiga kura kuienzi, 409 kwa 0. Wanasiasa hawakubaliani hata saa ngapi, lakini hapo walikubaliana.

Coltrane naye alijua anacheza na nani. Mei 1959 alirekodi wimbo wa kasi akauita "Mr. P.C.", herufi za jina la rafiki yake. Na anayepiga besi kwenye wimbo huo ni P.C. mwenyewe. Sikiliza anavyotembea: noti nne kila kipimo, hakimbii, habaki nyuma, hata moja haidondoki.

Ukimaliza hapo, tafuta albamu yake "Bass on Top" ya 1957. Wimbo wa kwanza, "Yesterdays", anaupiga kwa upinde. Wenzake wengi wa jazz walikuwa wanadonoa kwa vidole tu. Yeye anaikwaruza besi mpaka inalia kama mzee anayekumbuka mbali. Wapo wanaosema upinde wake ulikuwa mkavu, una ukakasi. Sawa, una ukakasi. Mimi ndiyo ninachokipenda.

Mwisho wake hauna raha. Baada ya kutoka kwa Miles aliendelea na Wynton Kelly na Jimmy Cobb, na 1965 wakarekodi moto na mpiga gitaa Wes Montgomery, "Smokin' at the Half Note". Lakini pombe na heroini zilishamla. Kifua kikuu kikamalizia, tarehe 4 Januari 1969. Alikuwa na miaka 33. Dawa za ugonjwa huo zilikuwepo tayari, ila mwili ulishachoka. Baraza lilipopiga ile kura ya 2009, alikuwa kaburini miaka 40.

Kinachoniuma ni hiki. Tunasema wimbo fulani ni mkali, tunamtaja anayeimba mbele, basi. Wale wa nyuma tunawajua wakishakufa, au hatuwajui kabisa. Huku kwetu pia, nyimbo ngapi za zamani zinatufanya tucheze harusini na hatujui nani alishika besi?

Kwa hiyo usiku wa leo, vaa hedifoni, zima taa, mtafute Chambers. Ukishampata, mfikirie yule mpiga besi wa wimbo wa zamani unaoupenda wewe. Kama jina lake unalijua, liandike hapo chini tulisome wote.