Kipaimara cha Kilimanjaro: Imani Inayokaguliwa Hadharani

Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zilizo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, siku ya kipaimara humfikisha mtoto madhabahuni asubuhi, na mchana ikamfikisha kwenye keki na ndafu. Wengi huona mambo hayo mawili hayapatani: asubuhi ni ya Mungu, mchana ni ya wazazi wanaotaka kuonekana. Lawama hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba zamani kipaimara kilikuwa tendo la imani tupu, kisha jamii ikakivamia. Historia haiiungi mkono. Tangu Walutheri walipokichukua kipaimara huko Ulaya, na hasa tangu kilipopanda Mlimani, kimekuwa na kazi mbili: kukagua imani ya kijana, na kumkabidhi kwa watu atakaoishi nao. Iliyopungua leo ni hiyo kazi ya pili, na sherehe kubwa imekuja kujaribu kuziba pengo lake.

Tuanzie Ulaya, kwa sababu huko ndiko hoja ya wanaotaka kipaimara kitupu inakoanza kuyumba. Martin Luther hakukihesabu kipaimara kuwa sakramenti. Kwake sakramenti zilikuwa Ubatizo na Chakula cha Bwana, na ibada ya askofu kuwapaka vijana mafuta aliiona haina amri ya Kristo. Alichokitaka ni mafundisho. Katekisimo Ndogo, iliyotoka mwaka 1529, aliwaandikia wachungaji wa kawaida na wakuu wa kaya ili kila nyumba iwe na shule yake. Kipaimara cha Kiinjili kilizaliwa Hesse mwaka 1539, mwanamatengenezo Martin Bucer alipotunga utaratibu wa kanisa ambamo mtoto aliyebatizwa akiwa mchanga angefundishwa, angeulizwa maswali mbele ya usharika, kisha angewekewa mikono. Wakati huo Waanabaptisti, waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, walikuwa wakiuliza kwa ukali: kanisa linalobatiza watoto wachanga linajuaje kwamba watu wake wanaamini? Kipaimara kilikuwa jibu, na jibu lenyewe lilihitaji mashahidi. Karne mbili baadaye, mwaka 1736, mfalme wa Denmark na Norway alikifanya kuwa sharti la kisheria, na asiyekipata hakuweza kufunga ndoa. Miaka mitatu baadaye Norway ilipata sheria ya shule, maana haiwezekani kumhoji mtoto katekisimo asiyoweza kuisoma. Basi kabla mmisionari yeyote wa Kilutheri hajaiona Kilimanjaro, kipaimara kilikwisha kuwa mlango wa utu uzima.

Misheni ya Leipzig ilifika Machame mwaka 1893, ikaenda Mamba mwaka 1894 na Old Moshi mwaka 1896. Ilikuta watu wenye njia yao ya kumtoa mtu utotoni. Baada ya tohara vijana wa kiume wa Kichaga walipitia ngasi, mafundisho ya porini yaliyosimamiwa na wazee, na wasichana walikuwa na mafundisho yao. Chombo kimojawapo kilikuwa mregho, fimbo iliyochongwa alama kwa mpangilio. Mwalimu aliishika mkononi, akapita alama moja hadi nyingine, na kila alama ilibeba somo: heshima kwa wazazi, mwenendo wa unyumba, wajibu wa mtu kwa ukoo wake. Mwanafunzi alishika kwa moyo na kuitika. Ukiiweka Katekisimo Ndogo kando ya fimbo hiyo, kazi inafanana mno. Nayo imepangwa kwa mafungu: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Sakramenti ya Altare. Kila kipande kina swali la maana yake na jibu la kukaririwa. Mtoto aliyetoka kwenye nyumba ambamo hekima ilihifadhiwa kwa mpangilio na kwa sauti hakuhitaji kuelezwa kwa nini imani ijifunzwe hivyo.

Aliyeuona mfanano huo kwa makini kuliko wenzake ni Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefika mwaka 1902 na kufanya sehemu kubwa ya kazi yake Old Moshi hadi mwaka 1938. Aliandika mafundisho ya mregho, akatoa kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachaga mwaka 1926, kisha juzuu tatu za mafundisho ya jandoni katika miaka ya 1930. Aliamini kwamba usharika ukikosa ukoo, ujirani na rika utakuwa kundi la watu walioketi pamoja tu. Kwa hiyo aliwapanga watoto wa kipaimara wawiliwawili kwa kufuata udugu wa ngao, desturi ya Kichaga ya kuwaunganisha vijana wa rika moja. Mtoto hakubarikiwa peke yake. Alibarikiwa akiwa na mwenzake ambaye angemsimamia, angemwonya na angemsaidia hata akiwa na nyumba yake mwenyewe.

Hapa pana pingamizi la haki. Je, hiki si jando lililovalishwa joho? Jibu langu ni kwamba kazi ilirithiwa, lakini masharti yake yaligeuzwa. Jandoni wavulana walitengwa na wasichana, na mafundisho yalikuwa siri; aliyeyatoa nje alikosa. Kipaimara kiliwaketisha wavulana na wasichana kwenye somo moja, na kiliwahoji mbele ya kila mtu, akiwemo mama ambaye asingeweza kamwe kusogelea porini kwenye ngasi. Pia kilimfungulia kijana njia ya kwenda Meza ya Bwana, ambako mtu hapokelewi kwa ukoo wake. Kuitwa kwa jina na kujibu mbele ya usharika mzima ni jambo ambalo jando halikuwa nalo, wala lisingeweza kuwa nalo bila kuacha kuwa jando.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Gutmann alishutumiwa kwamba aliuweka ukoo na ardhi karibu mno na Injili, tena akiwa Mjerumani wa zama ambazo fikra za damu na taifa ziliiletea nchi yake maangamizi. Na Wachaga wenyewe hawakumfuata kwa kila jambo. Wengi walitaka shule zaidi, Kiswahili na Kiingereza, na soko la kahawa; mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika cha wakulima, KNCU, kilikuwa kimekwisha kusimama. Shutuma hizo zina ukweli. Lakini kosa lake lilikuwa kudhani kwamba mila ni kitu cha kutunzwa kama kilivyo. Hilo halibatilishi alichokigundua kuhusu usharika, na ushahidi hautoki kwake. Mwaka 1920 Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani, na hawakuanza kurudi hadi katikati ya muongo huo. Katikati hapo wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walikuja kusaidia, lakini hawakutosha. Waliofundisha watoto, kuongoza ibada na kuwazika wafu walikuwa walimu na wazee wa kanisa, wenyeji wa Mlimani. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipowaondoa tena Wajerumani, sharika hazikuvunjika. Kanisa lililotegemea mchungaji mgeni peke yake lisingevuka mitihani hiyo miwili. Lilivuka kwa sababu lilikuwa na watu waliofundishwa kujibu kwa ajili ya imani yao, na waliojua nani ni wa nani.

Turudi basi kwenye ndafu. Kwamba familia ilishe watu mtoto anapovuka hatua si uvamizi; tendo la hadharani lina wageni, na wageni hulishwa. Tatizo linaanza pale karamu inapobaki peke yake katika kazi ya kumkabidhi kijana kwa jamii. Mafundisho kwa kawaida huchukua miaka miwili, lakini mara nyingi ni ya kuandaa mtihani. Maswali hujulikana mapema, na kijana aliyebarikiwa Jumapili hana mtu mahususi wa kumfuata Jumatatu. Shule ya bweni au mji humchukua. Wazazi wanahisi kwamba mtoto wao anahitaji kutambulishwa kwa watu, nao wana haki kuhisi hivyo, ila njia waliyobakiwa nayo ni ya fedha: turubai, suti, gauni jeupe, mshereheshaji na picha. Ndipo maskini anapoanza kuogopa kipaimara cha mwanawe kwa sababu ya gharama, jambo ambalo katekisimo haikulitaja popote.

Kuna atakayesema dawa ni kupiga marufuku sherehe. Sidhani. Marufuku itaondoa karamu na kuacha pengo wazi vilevile, na pengo hilo litatafuta kitu kingine cha kuliziba. Usharika unaotaka kipaimara chenye uzito una mali yake yenyewe ya kuchota. Urudishe maswali mbele ya washarika wote, yale ambayo Bucer aliyahitaji na ambayo jando halikuwa nayo. Umpe kila kijana mwenzake na mzee wa kanisa mmoja, kwa majina, kwa miaka kadhaa baada ya kuwekewa mikono, popote atakapohamia. Jumuiya za nyumba kwa nyumba zipo tayari. Zinaweza kubeba kazi hiyo bila kamati mpya. Usharika ukishamkabidhi kijana kwa watu wanaomjua, karamu itarudi kuwa chakula cha furaha, na ukubwa wake hautakuwa tena kipimo cha mtoto wala cha wazazi wake.