Kabla Chemshabongo Haijapewa Jibu Moja

Sultani wa kisa hiki hatajwi jina. Mgeni ameingia nchini mwake akakataa kulipa ushuru. Sultani akamwekea sharti: mchukue chui huyu, na mbuzi huyu, na majani haya, uvifikishe vyote kwa mwanangu ng'ambo ya mto, ukiweza, mimi ndiye nitakayekulipa wewe. Mashua inamchukua mgeni pamoja na viwili tu, na haifai viwili kuachwa peke yao ukingoni, upande wowote. Mgeni akatafakari. Akavuka na viwili, akakiacha kimoja ng'ambo, akarudi na cha pili, akapakia kile kilichokuwa kikingoja. Mashua ilivuka mara tatu tu, na ushuru ukageuza njia.

Kisa hicho ni cha Zanzibar, na mwanahisabati Mmarekani Marcia Ascher alikijadili mwaka 1990 katika makala yake kuhusu mafumbo ya kuvuka mto duniani. Wanafunzi wengi wa huku kwetu Wazo, Tegeta na Boko, Dar es Salaam, wanalijua fumbo hili kwa sura nyingine: mashua hubeba mtu na kitu kimoja tu, chui humla mbuzi, mbuzi hula majani, na mtu hulazimika kuvuka mara saba. Sura hiyo ya mara saba iliandikwa Ulaya yapata mwaka 800, katika mkusanyo unaohusishwa na Alcuin wa York, mwalimu wa kasri ya Charlemagne. Huko walikuwa mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Ukiyaweka mawili hayo pamoja utaona kwamba la Zanzibar si la Ulaya lililobadilishiwa wanyama. Sharti lake ni jingine na njia yake ni nyingine.

Lakini linalonivutia kuliko yote ni la Waila wa Zambia, lililomo katika kitabu cha Smith na Dale cha mwaka 1920. Mtu ana chui, mbuzi, panya na kapu la nafaka, na mtumbwi unabeba kitu kimoja. Akifikiria kumwacha chui au panya ili hesabu ikubali, anaona hapana, hawa kwake ni kama watoto. Basi akaamua kubaki alipo. Hilo ndilo jibu. Mwalimu wa leo angelipiga mkasi mwekundu, na wazee wa Waila wangemuuliza amelipigia nini.

Hapo ndipo ilipo historia ninayotaka kuisimulia. Kwa muda mrefu katika pwani na bara yetu, fumbo lilikuwa na jibu linalojulikana, lakini jibu hilo lilipita mbele ya watu. Lilitetewa, likapingwa, likalipiwa. Anayetaka kuujua ukweli huo aanzie kwenye kitendawili chenyewe. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitikia "Tega!" Anatega. Wakijaribu wakashindwa, mtegaji anadai: "Nipe mji." Wanampa Unguja, hataki, wanampa Mombasa, anasita, wanampa Tabora, anapokea. Kisha anasimulia alivyofika huko, alivyopokewa, alivyokula na kunywa, na mwisho kabisa ndipo anapolitoa jibu. Kushindwa kuna gharama, na gharama hiyo inalipwa hadharani, kwa kicheko cha wote. Waganda nao huanza kwa "Koyi koyi", wakaitikiwa "Lya", yaani kula, na anayeshindwa hutoa kijiji kiliwe. Wakikuyu husema "Gwata ndai". Wasukuma husema "Kalagu", wakajibiwa "Kize".

Miito hiyo haikubaki vijijini. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilipoanza kazi mwaka 1966 kwa kuchimba mawe ya chokaa ya kilima, watu walikuja kutoka mikoa mbalimbali kutafuta ajira, na eneo la Wazaramo na Wakwere likapata majirani wengi. Familia zilipopanga vyumba kwenye nyumba moja, watoto walikutana uani kwa Kiswahili, na kitendawili cha bibi wa Shinyanga kikatafsiriwa papo hapo ili mtoto wa Lindi akitegue. Kikitafsiriwa vibaya kinakufa. Ndiyo maana vilivyodumu mijini ni vile vinavyosimama kwa picha ya jambo kuliko kwa mlio wa neno. Mafiga ni mfano mzuri: nina watoto watatu, akiondoka mmoja wawili hawafanyi kazi. Hicho kinaeleweka popote panapopikwa kwa kuni, na ndani yake kuna hesabu kidogo na fizikia kidogo.

Vile vya mlio wa neno ni mali ya wenye lugha. Mtoto wa pwani akiulizwa ni mbuzi gani anayekula nazi asishibe, anakimbilia jikoni iliko mbuzi ya kukunia. Padri Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, aliona jinsi vijana walivyouchezea ulimi. Katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 alitenga nyongeza nzima kwa kinyume, yaani kuikata silabi ya mwisho na kuileta mbele: nyumba ikawa mbanyu, kesho ikawa shoke. Anayekisikiliza kinyume kwa kasi hana muda wa kuandika. Anapindua kichwani neno moja huku la pili likimfikia. Ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Jaribu sentensi ya maneno kumi uone. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1958, S. S. Farsi alichapisha misemo ya Zanzibar katika vitabu viwili, na cha pili kilikusanya vitendawili pamoja na imani za watu.

Washairi walilipandisha fumbo hadi ngazi ya siasa. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na miongo ya mwanzo ya karne ya 19, alirushiana tungo za mafumbo na watu wa Lamu wakati Mombasa na Lamu zilipokuwa na uhasama uliofikia vita vya Shela, yapata mwaka 1812. Tungo kama hizo hazikumtaja adui waziwazi. Walioupokea ujumbe walilazimika kuketi, kuufumbua, kukubaliana umesema nini, ndipo watunge jawabu. Kosa la kufumbua lingeweza kuwa kosa la vita.

Na hesabu? Hapa watu hudhani pwani ilikuwa na maneno tu, hesabu ikaja na shule ya Mjerumani na Mwingereza. Anayedhani hivyo aingie darasa la faraidhi, elimu ya kugawa mirathi. Kuna mas-ala mashuhuri yanayoitwa ya mimbari. Mtu amekufa, ameacha mke, baba, mama na mabinti wawili. Mke ana thumuni, baba sudusi, mama sudusi, mabinti theluthi mbili. Ukiweka mafungu 24, mke anapata 3, baba 4, mama 4, mabinti 16. Jumla 27. Mafungu yamezidi mali! Inasimuliwa kwamba Imam Ali aliulizwa hayo akiwa juu ya mimbari, akajibu bila kukatiza hotuba kuwa thumuni ya mke imekuwa tusui. Yaani mali igawanywe kwa 27 badala ya 24, kila mmoja apunguzwe kwa uwiano uleule. Kama marehemu ameacha shilingi milioni 27, mke anachukua milioni 3, baba 4, mama 4, na kila binti 8. Hii ni chemshabongo ya sehemu, na walioifanya hawakuifanya kwa kujifurahisha. Kulikuwa na shamba la minazi na wajane wakisubiri.

Kwa jicho hilohilo itazame ile ya ngamia 17, inayozunguka misikitini na kwenye simu: baba ameusia mtoto wa kwanza nusu, wa pili theluthi, wa tatu tusui, mwenye busara anaongeza ngamia wake wawe 18, wanachukua 9, 6 na 2, naye anarudi na ngamia wake. Ujanja wake ni kwamba nusu, theluthi na tusui hazijazi mali nzima. Inabaki sehemu moja ya 18. Lakini aliyesoma faraidhi atakuzuia mapema zaidi. Watoto wa kiume watatu hugawana sawa, mrithi haachiwi wosia, na wosia wenyewe hauzidi theluthi ya mali. Kabla ya kuhesabu ngamia, ameukataa msingi wa swali. Nadhani huyo ndiye mwerevu kuliko mwenye ngamia wa kuazima.

Abunuwasi wa hadithi zetu aliishi kwa ujanja huohuo wa kulishika neno la mkubwa na kulifuata mpaka lilipomgeukia mwenyewe: ukikubali kwamba sufuria imezaa, kubali pia kwamba imekufa. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969, msomaji wa Kiswahili alimkuta jamaa wa Abunuwasi kwenye hukumu ya ratili ya nyama isiyoruhusu tone la damu.

Penye kijiwe cha kahawa Wazo leo, hesabu ya zamani bado inapumua kwenye bao. Mashimo 32, kete 64. Mchezo wa bao la Kiswahili unaanza kila mchezaji akiwa na kete 10 tu ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Wakati wa kunamua huingizwa kete moja moja mpaka za mkononi ziishe, kisha ndipo mtaji. Mchezaji mzuri hahesabu kwa kidole. Anaitazama njia yote, kete zinavyopanda shimo kwa shimo, zinapokula na zinapolala, kisha ndiyo anagusa ubao. Watazamaji nao wanahesabu, na hawanyamazi. Mchezaji akipeleka mkono penye kosa, baraza zima linasikika. Mtafiti Alex de Voogt alipoandika tasnifu yake ya mwaka 1995 kuhusu ubingwa wa bao, aliupima uwezo huo wa akili kwa makini, na kwa wachezaji wa hapa hilo halikuwa jambo geni.

Shule ndiyo iliyotenganisha mambo haya. Kitendawili kilikwenda somo la Kiswahili, kikaingia Tujifunze Lugha Yetu; hesabu ikaenda Hisabati; faraidhi ikabaki madrasa. Sina ugomvi na vitabu hivyo, vimeokoa mengi. Ugomvi wangu ni na mtihani. Katika mtihani wa darasa la saba kitendawili hutokea na majibu A hadi E, mtoto akisiliba duara moja. Nyumba yangu haina mlango: yai. Mtoto amekariri. Akisiliba tikiti maji, hapati kitu, ingawa tikiti maji nalo halina mlango na ndani lina wakazi weusi wasiohesabika. Barazani angeulizwa alitetee, na huenda angeondoka na mji.

Ubishi umerudi kwa njia ya simu. Kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa na ya wazazi yanapita mafumbo ya namba, na watu wazima wanakesha wakijibizana. Chukua 10 − 3 + 2. Wengine 9, wengine 5. Waliopata 5 si wajinga. Wamefuata MAGAZIJUTO waliyoimbishwa darasani: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Jumlisha imetangulia toa, kwa hiyo 3 na 2 ni 5, na 10 toa 5 ni 5. Wametii herufi zote. Kumbe kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kwa kufuata mpangilio kutoka kushoto, vivyo hivyo kugawanya na kuzidisha, na ufupisho ule hausemi hivyo. Mwalimu anayemwekea mkasi aliyepata 5 bila kumuuliza amefikaje hapo atakuwa amempita mtoto pekee darasani aliyeonyesha kasoro ya kanuni yenyewe.