Toleka za Kisangani

Toleka ni teksi ya baiskeli ya mjini Kisangani, mkoani Tshopo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jina lenyewe ni la Kilingala, yaani "tupite", na mwendeshaji wake huitwa tolekiste. Abiria hukaa nyuma, juu ya keria iliyofungiwa mto wa sponji, na hulipa nauli kwa kadiri ya umbali. Kazi hii iliushika mji katika miaka ya 1990, wakati magari yalipoadimika, na iliendelea kustawi hadi pikipiki zilipoanza kuisukuma pembeni. Lakini Kisangani ilikuwa na uhusiano na baiskeli karibu karne nzima kabla ya hapo, na uhusiano huo ulitokana na mpira.

Kituo cha Stanley Falls, kilichokuja kuwa Kisangani, kilianzishwa mwaka 1883 chini ya maporomoko ya Boyoma. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimteua Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyejulikana zaidi kama Tippu Tip, kuwa liwali wa eneo hilo. Watu wake ndio walioeneza Kiswahili katika sehemu hiyo ya bonde la Mto Kongo, nacho kinazungumzwa mjini hadi leo bega kwa bega na Kilingala. Mwaka mmoja tu baada ya uteuzi huo, huko Belfast, John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi ya kujazwa upepo. Wazungu waliokuwa wakitikiswa mifupa na magurudumu magumu wakazikimbilia baiskeli mpya, na bei ya mpira ikapanda.

Mpira wa kupandwa ulikuwa bado haujakomaa Asia. Uliokuwepo Kongo ulitoka kwenye mitambaazi ya mwituni, na kazi ya kuukusanya iliwaangukia wanavijiji kwa nguvu. Kati ya mwaka 1890 na 1901 mpira uliosafirishwa kutoka Kongo uliongezeka kutoka zaidi kidogo ya tani 100 hadi tani 6,000 hivi kwa mwaka. Ulikusanywa kwa kuwashika wanawake mateka, kuwapiga watu viboko na kuwakata mikono. Katika eneo la Isangi, upande wa chini wa mto kutoka Kisangani, kampuni ya Lomami ilikuwa na himaya yake. Mpira huo ulitumika pia kwa nyaya za simu na mikanda ya mashine, na baadaye kwa magari; hata hivyo katika miaka ile ya mwanzo baiskeli ilikuwa mlaji mkubwa. Waliougema hawakuwa na baiskeli.

Chini ya utawala wa serikali ya Ubelgiji, uliochukua nafasi ya ule wa Leopold mwaka 1908, Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati huo, ikawa mji wa bandari na makarani. Meli za kutoka Leopoldville (Kinshasa ya leo), safari ya kilomita 1,700 hivi, ziliishia hapo kwa sababu ya maporomoko. Mizigo ikaendelea kwa reli ya kilomita 125 hadi Ponthierville (Ubundu ya leo), iliyofunguliwa mwaka 1906 kwenye ukingo wa kushoto. Patrice Lumumba, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikuwa mmoja wa makarani hao, akifanya kazi posta katika miaka ya 1940 na 1950. Kwa watu wa tabaka hilo baiskeli ilikuwa ushahidi wa mshahara wa kila mwezi, kama saa ya mkononi au viatu vya ngozi. Mtu aliendesha yake mwenyewe. Kumbeba mgeni kwa malipo kungemshusha hadhi.

Kuporomoka kwa hadhi hiyo kulichukua miaka thelathini. Uasi wa wapiganaji walioitwa Simba, wa 1964, uliuumiza mji vibaya. Sera ya Rais Mobutu ya 1973, ya kuwanyang'anya wageni maduka na mashamba, iliwaondoa wafanyabiashara wengi waliokuwa wakiagiza magari na vipuri. Barabara za msituni zikafungwa na miti na matope. Uporaji ulioanza Septemba 1991, wanajeshi wasiolipwa walipovamia maduka na maghala katika miji ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, ukamaliza sehemu kubwa ya kilichobaki. Teksi na mabasi yakasimama kwa kukosa vipuri, na mishahara ya walimu na watumishi wa serikali ikawa haina thamani. Hapo ndipo baiskeli, mali ambayo familia nyingi zilikuwa nayo bado, ilipogeuzwa chombo cha riziki.

Ardhi nayo ilisaidia. Goma, mji wa miteremko ya volkano, una chukudu, skuta ya mbao inayoshuka kwa uzito wake na kupanda kwa kusukumwa. Kisangani ni tambarare: kutoka wilaya ya mjini ya Makiso hadi Mangobo au Kabondo hakuna mlima wa kumtoa mtu jasho kupita kiasi, na pedali zinatosha.

Uchaguzi wa baiskeli haukuwa jambo la kupenda rangi. Iliyofaa ni ile nzito ya chuma, ya mtindo wa Kiingereza ulionakiliwa na viwanda vya India na Uchina: magurudumu makubwa ya inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, na mara nyingi fremu yenye mabomba mawili ya juu. Katika mtindo huo gurudumu la mbele lina spoku 32 na la nyuma 40, kwa kuwa waliouunda walijua uzito unakaa wapi. Baiskeli za gia, ingawa nyepesi na za kuvutia, hazikudumu. Rimu zake zilipinda chini ya abiria wawili wenye vifurushi, na vipuri vyake havikupatikana kwa fundi wa kando ya njia. Keria ya kiwandani nayo haikuaminika. Iliondolewa, na mahali pake pakachomelewa nyingine ya nondo, kisha ukafungwa mto uliovikwa kitambaa au plastiki ya rangi. Mto ndio uliokuwa tangazo la biashara: abiria mwenye hiari ya kuchagua alitazama mto kabla ya kutazama dereva. Tyubu zilizochakaa kwa viraka zilikatwa mikanda ya kufungia mizigo.

Walioingia katika kazi hii hawakuwa vijana tu. Palikuwa na wanafunzi wa chuo kikuu, walimu, wafanyakazi wa viwanda vilivyofungwa, na wachimba almasi waliorudi bila almasi. Asiye na baiskeli alikodi na kumpelekea mwenye mali hesabu ya siku. Aibu ya karani wa zamani ikapungua kwa sababu karibu kila nyumba ilikuwa na mtu barabarani.

Vita vilivyoanza Agosti 1998 viliifanya toleka kuwa ya lazima zaidi. Mto ulifungwa kwa biashara na mstari wa mapigano, na petroli ikawa inaletwa kwa ndege, kwa bei ambayo wachache waliimudu. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia nchini katika vita hivyo, yalipigana kwa siku sita katikati ya mji. Mamia ya raia waliuawa na nyumba nyingi zikabomolewa kwa makombora. Katika miaka hiyo wachuuzi walisukuma baiskeli zenye chumvi, sabuni na mafuta ya mawese kwa siku nyingi msituni, wakipita njia ambazo malori yalikuwa yameziacha.

Amani ndiyo iliyoipunguza toleka. Barabara ya kwenda Bafwasende, Nia-Nia na Beni ilipofunguliwa tena, bidhaa za Mombasa na Kampala zilifika kupitia kwa wafanyabiashara wa Butembo, zikiwemo pikipiki za bei nafuu za Uchina na India. Toleka ikafuata njia ya bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 kabla ya kuhamia kwenye injini. Abiria wa Kisangani mwenye haraka alipanda pikipiki; tolekiste mwenye akiba aliinunua au akaikodi. Baiskeli ikabaki na safari fupi za mitaani, na wateja wasiomudu nauli ya injini, na zaidi ya yote ikabaki na mizigo: makaa, mihogo, ndizi na madumu ya mawese, hasa kwenye vivuko vya kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto ambako hakuna daraja na kila kitu lazima kipakiwe mtumbwini.