Miaka 50 ya filamu za kusimuliwa: Wasioona walivyogombea nafasi yao mbele ya skrini

Aprili 2025 ilitimia miaka kumi tangu Netflix ilipotoa tamthilia ya Daredevil huku ikiwaacha nje watu ambao shujaa wa tamthilia hiyo ni mwenzao. Matt Murdock, wakili wa New York anayetoka usiku kupambana na wahalifu, haoni. Alipoteza uwezo wa kuona utotoni, alipomwagikiwa na kemikali machoni. Tamthilia ilitoka tarehe 10 Aprili 2015 bila maelezo ya sauti, yaani ile sauti ya msimulizi ambayo wahusika wakinyamaza humweleza mtazamaji asiyeona nani ameingia, nani ameshika bunduki, nani analia kimya kimya.

Waliotaka kuifuatilia walikuta ukuta. Katika sehemu ya pili kuna pambano la ndani ya korido ambalo mashabiki wanalisifu mpaka leo, kwa kuwa kamera inalifuata kwa dakika kadhaa bila kukatwa. Lisikilize bila msimulizi. Utasikia miguno, vishindo, mlango, kimya, kisha miguno tena. Nani kaanguka? Shujaa bado yuko wima? Mtazamaji asiyeona hapati jibu mpaka mtu wa pembeni amwonee huruma.

Mwandishi asiyeona wa Chicago, Robert Kingett, alikuwa tayari anaongoza kampeni ya kuitaka Netflix iweke maelezo ya sauti kwenye filamu zake. Daredevil ilimpa hoja ambayo hata mtoto angeielewa, na vyombo vya habari vikaidaka. Tarehe 14 Aprili, siku nne tu baada ya tamthilia kutoka, kampuni ilitangaza kwamba Daredevil imewekewa maelezo ya sauti na kwamba tamthilia zake nyingine, ikiwemo House of Cards, zingefuata.

Siku nne zilitosha kumaliza jambo ambalo wasioona walikuwa wamelipigania kwa miaka arobaini. Mwaka huohuo wa 2025 ilitimia pia nusu karne tangu wazo lenyewe liandikwe chuoni, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kuitazama safari hiyo. Hapa ninamtegemea zaidi Joel Snyder, mmoja wa wasimulizi wa kwanza wa kazi hii nchini Marekani, ambaye mwaka 2014 alichapisha kitabu chake The Visual Made Verbal.

Wazo lilianzia San Francisco. Gregory Frazier alikuwa akitazama filamu kwenye televisheni pamoja na rafiki yake asiyeona, akijikuta kila dakika anamweleza kinachotokea. Akajiuliza kwa nini kazi hiyo isifanywe kwa ustadi, iandikwe na kurekodiwa. Mwaka 1975 akawasilisha tasnifu ya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco, akitumia filamu ya televisheni ya The Autobiography of Miss Jane Pittman kama mfano. Baadaye aliungwa mkono na August Coppola, mkuu wa kitivo cha sanaa chuoni hapo, kaka yake mwongozaji Francis Ford Coppola. Mwaka 1988 filamu ya Coppola huyo mdogo, Tucker, ikapata maelezo ya sauti.

Kilichoifanya kazi hii ikue, hata hivyo, kilitoka Washington, na kilitoka kwa mtu asiyeona mwenyewe. Margaret Rockwell alikuwa amekwisha kuanzisha Metropolitan Washington Ear, huduma ya redio iliyowasomea magazeti watu wasioweza kuyasoma. Jumba la maonyesho la Arena Stage lilipotaka kuwafikia watazamaji wasioona, lilimwendea yeye. Mwaka 1981 mchezo wa Bernard Shaw, Major Barbara, ukaonyeshwa huku watazamaji wasioona wakiwa wamevaa visikizi na msimulizi akiwanong'oneza mambo ya jukwaani. Rockwell na mwenzake Cody Pfanstiehl, ambaye baadaye walioana, walitengeneza misingi ya ufundi huu: sema unachokiona, usiseme unachokifikiria. Usiseme mama amekasirika, sema amekunja ngumi na kugeuza uso, umwachie msikilizaji aamue mwenyewe.

Msingi huo unamheshimu mtazamaji. Asiyeona amekuja ukumbini kutazama kama wengine, na ana akili ya kujua hasira ni nini.

Kutoka jukwaani kazi ikaenda kwenye televisheni. Teknolojia ilikuwa imefungua njia, kwa kuwa televisheni za stirio zilizoruhusiwa Marekani mwaka 1984 zilikuja na mkondo wa pili wa sauti, na humo ndimo maelezo yalimopitishwa bila kumsumbua anayeona. Kituo cha WGBH cha Boston kilianza kurusha vipindi vyenye maelezo nchi nzima mwaka 1990. Huko Tulsa, Oklahoma, Jim Stovall, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana, alianzisha mtandao wake wa televisheni wa filamu za kusimuliwa. Mwaka huohuo wa 1990 waanzilishi wa kazi hii, WGBH na Washington Ear miongoni mwao, walipewa tuzo ya Emmy. Uingereza nayo iliingiza takwa la maelezo ya sauti katika Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1996.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi ambao mpaka leo baadhi ya wazee wa harakati hizi hawapendi kukumbushwa.

Marekani ina vyama viwili vikubwa vya wasioona. Shirikisho la Taifa la Wasioona liliundwa mwaka 1940. Mwaka 1961 baadhi ya wanachama walijitenga kwa uchungu na kuunda Baraza la Wasioona la Marekani. Ni ndugu waliogombana urithi, na tangu hapo kila jambo kubwa liliwakuta pande mbili.

Julai 2000 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, chini ya mwenyekiti wake William Kennard, ilipitisha kanuni. Vituo vinne vikubwa, ABC, CBS, NBC na Fox, katika maeneo 25 yenye watazamaji wengi zaidi, vilitakiwa kurusha saa 50 za vipindi vyenye maelezo ya sauti kila robo mwaka kuanzia Aprili 2002. Vituo vikubwa vya kebo navyo viliguswa. Saa 50 kwa miezi mitatu ni kitu kidogo, hazifiki saa nne kwa wiki. Lakini lilikuwa agizo la lazima, la kwanza la aina yake nchini humo.

Baraza lilishangilia. Shirikisho lilipinga.

Upinzani wa Shirikisho haukuwa wa kipuuzi, na anayeusimulia vibaya anawadhulumu. Viongozi wake walikuwa wametumia miongo sita wakiuambia umma kwamba asiyeona hahitaji kuonewa huruma, anahitaji kazi, Braille na fimbo nyeupe ya kumwezesha kutembea mwenyewe. Onyo la kimbunga lilipopita kwa maandishi chini ya skrini, yeye alisikia mlio tu, hajui akimbilie wapi. Namba za simu kwenye matangazo ziliandikwa bila kutamkwa. Shirikisho likasema tuanze na maandishi hayo, hayo ni maisha na usalama. Serikali ikitumia nguvu zake kwanza kwenye burudani, umma utaamini kwamba shida kubwa ya asiyeona ni kukosa tamthilia.

Baraza lilijibu kwa hoja ya maisha ya kila siku. Watu wanazungumza habari za filamu kazini, shuleni, kwenye daladala zao za huko. Mtoto asiyeona asiyejua vibonzo ambavyo darasa zima linavijua hana la kuchangia wakati wa mapumziko. Mke asiyemwelewa mumewe anacheka nini mbele ya televisheni yuko peke yake sebuleni kwake. Burudani ni sehemu ya kuwa raia na kuwa mwana wa familia.

Shauri likafika Mahakama ya Rufaa ya Washington. Chama cha watengenezaji filamu wa Hollywood, kilichoongozwa na Jack Valenti, kiliishitaki Tume, na Shirikisho la Wasioona nalo likapeleka pingamizi lake dhidi ya kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo upande wa kutaka kanuni ifutwe walisimama matajiri wa sinema na chama kikubwa cha wasioona, kila mmoja kwa sababu zake. Upande wa kuitetea walikuwemo wasioona wengine. Tarehe 8 Novemba 2002 majaji wawili kwa mmoja waliifuta. Jaji Harry Edwards aliandika kwamba Bunge halikuipa Tume mamlaka hayo. Katika sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, Bunge liliagiza maandishi ya lazima kwa ajili ya wasiosikia, lakini kwa wasioona liliomba ripoti tu. Jaji Karen Henderson hakukubaliana na wenzake.

Agizo lilidumu miezi saba. Vituo kadhaa viliendelea kwa hiari, vingi vikaacha.

Kwa maoni yangu Shirikisho lilikuwa na haki kuhusu maandishi ya dharura, na lilikosea kupeleka haki hiyo mahakamani dhidi ya haki nyingine ya watu walewale. Ushahidi uko kwenye yaliyofuata. Sheria ambayo Rais Obama aliitia saini tarehe 8 Oktoba 2010 ilibeba yote mawili: taarifa za dharura zisikike, na maelezo ya sauti yarudi. Kanuni ilianza tena kazi Julai 2012, na saa zilikuwa zilezile 50. Miaka kumi ilikuwa imepotea, na watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati wa hukumu walikuwa wamefika sekondari bila vibonzo vyao.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Ikaja Daredevil. Mwaka 2016 Netflix na Baraza la Wasioona walifikia makubaliano ya kupanua huduma hiyo, na majukwaa mengine ya filamu mtandaoni yakafuata.

Wingi huo umezaa mhakiki wa filamu asiyeona. Tommy Edison wa Connecticut, mtangazaji wa redio asiyeona tangu kuzaliwa, alijulikana YouTube kwa kuhakiki filamu kwa anavyozisikia: mazungumzo, muziki, na kama hadithi inasimama bila picha. Wengine wakaongeza kipimo cha pili. Wanahakiki filamu, kisha wanahakiki maelezo yenyewe. Je, msimulizi ameingilia maneno ya mhusika? Ametaja jina la muuaji kabla filamu haijamfichua? Amesema mtu ana sura gani, rangi gani ya ngozi, au amewaacha wote bila nyuso? Filamu kama A Quiet Place ya mwaka 2018, ambayo wahusika wake karibu hawazungumzi kabisa, inambebesha msimulizi mzigo wote. Akizidisha maneno anaua kimya ambacho ndicho kinachotisha. Malalamiko makubwa ya wahakiki hao sasa ni sauti za kompyuta zinazotumiwa kupunguza gharama, sauti zinazosoma kifo cha mama na bei ya viatu kwa mlio uleule. Wana haki ya kulalamika. Anayeona asingekubali filamu iliyopigwa picha na kamera iliyopasuka.

Kwetu Afrika Mashariki ufundi wa kusimulia filamu tunao, tena wa siku nyingi. Aliyekaa kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, cha Dar es Salaam anaijua sauti ya msimulizi Lufufu. Kenya wanaye DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Hawa hawatafsiri maneno tu. Wanasema nani anamnyemelea nani, wanampa mhusika jina la mtaani, wanaonya kabla ngumi haijatua. Hawakuwalenga wasioona, na kanuni ya Washington ya kutoongeza la moyoni wanaivunja kila dakika, lakini wamethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba filamu masikioni. Watangazaji wetu wa mpira redioni wamethibitisha hivyohivyo kila wikiendi.

Kilichokosekana ni agizo na nia. Sheria ya Kenya ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliagiza televisheni ziweke mkalimani wa lugha ya alama au maandishi katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Ilikuwa hatua ya kupongezwa kwa wasiosikia. Kifungu hicho hakikumtaja asiyeona. Lilikuwa pengo lilelile ambalo Bunge la Marekani liliacha mwaka 1996. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na kifungu cha 30 cha mkataba huo kinataja wazi filamu, televisheni na michezo ya jukwaani.

Tunazo filamu zinazostahili. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, imejaa vichochoro vya Zanzibar ya ukoloni, mavazi, macho yanayokutana bila neno. Mzanzibari asiyeona ana haki ya kuuona mji wake humo.

Tamasha la Filamu la Zanzibar lianze na filamu moja ya Kiswahili yenye maelezo ya sauti na visikizi mlangoni. Bodi ya Filamu Tanzania na wenzao wa Kenya wawaite wasimulizi wa vibanda, watangazaji wa redio na vyama vya wasioona wakae meza moja waandike kanuni zetu. Na filamu hiyo ya kwanza ikishatoka, magazeti yampe mhakiki asiyeona nafasi ya kuihakiki, tumsikie atakavyosema.