Cheti cha kikundi si msamaha wa ushuru

KIKUNDI cha kujisaidia kinapokabidhiwa cheti na afisa wa ustawi wa jamii, iwe ni mjini Kitale au Bungoma, huwa kimepata idhini ya kuendesha shughuli zake, kufungua akaunti ya benki na kuomba ufadhili. Hakijasamehewa ushuru. Mambo hayo mawili yana sheria mbili na afisi mbili, na kuyachanganya huviponza hata vikundi ambavyo havijawahi kupata faida yoyote.

Usajili huongozwa na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Msamaha, kwa upande wake, hutolewa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, chini ya aya ya 10 ya Jedwali la Kwanza la Sheria ya Ushuru wa Mapato. Aya hiyo huzitambua taasisi za manufaa ya umma zilizoundwa kwa madhumuni ya kupunguza umaskini au dhiki ya wananchi, kuendeleza dini au kuendeleza elimu.

Neno zito hapo ni umma. Akina mama 15 wanaochangiana kila mwezi na kupeana fedha kwa zamu wanafanya jambo jema, lakini wanaonufaika ni wao wenyewe. Chama cha namna hiyo si shirika la hisani machoni pa sheria, hata katiba yake ikitaja umaskini katika kila ukurasa.

Biashara ndiyo huleta utata mkubwa. Tuseme kikundi kinachowalea mayatima viungani mwa Bungoma kimenunua kinu cha kusaga mahindi. Faida ya kinu hicho haisamehewi kwa sababu tu inawalisha watoto. Ni lazima yote itumike kwa lengo la kikundi, na zaidi ya hapo, biashara yenyewe iwe sehemu ya kutekeleza lengo hilo, au kazi yake ifanywe hasa na wale wanaosaidiwa, au mapato yawe kodi ya ardhi au nyumba iliyokodishwa. Kinu kinachoendeshwa na vibarua wa kawaida huenda kikatozwa ushuru, ilhali shule ya kikundi cha Kitale kilichoundwa kuendeleza elimu ina hoja nzuri, kwa kuwa karo hutokana na kazi ile ile iliyokusudiwa.

Maombi hupitia mtandao wa iTax, yakiambatanishwa na cheti cha usajili, katiba, hesabu za fedha, taarifa za benki na maelezo ya kazi iliyofanyika. Mwombaji aliyetimiza masharti yote anapaswa kupewa cheti katika muda wa siku 60. Cheti hicho hudumu miaka mitano na kinaweza kufutwa kukiwa na sababu ya haki. Bila cheti, benki hukata asilimia 15 ya riba ya akiba ya kikundi.

Hata hivyo, aliyesamehewa ushuru hajasamehewa ritani, yaani taarifa ya mapato ya kila mwaka. Kikundi chenye nambari ya PIN iliyosajiliwa kwa ushuru wa mapato huwasilisha ritani katika miezi sita baada ya kufunga hesabu. Kinachofunga Desemba 31 kina hadi Juni 30. Kisichopata chochote hujaza ritani ya sufuri. Anayechelewa, akiwa si mtu binafsi, hutozwa asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa au Sh20,000, kutegemea kiasi kilicho kikubwa. Kwa kikundi kidogo, miaka mitatu ya usahaulifu ni Sh60,000, pengine kupita akiba yote iliyo benki. Adhabu ya mtu binafsi ni Sh2,000 au asilimia hiyo hiyo. Mweka hazina aliyezoea ritani zake mwenyewe aikumbuke tofauti hiyo.

Msamaha haugusi mishahara pia. Mwalimu au mlinzi aliyeajiriwa akifikia kiwango cha kutozwa, ushuru wake hukatwa na kufikishwa KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Viongozi wanapobadilishwa, nywila ya iTax ikabidhiwe pamoja na vitabu vya hesabu na muhuri. Kikundi kikivunjika, maafisa wake wamalize ritani zilizosalia, kisha waombe PIN ifutwe.