Hodi kwa Mkubwa Kwanza

Nduzangu, hapa Wiyoni ukimtumia jirani hela ya samaki, mwadhani inaruka ukuta tu? Wapi! M-Pesa ilianza mwaka 2007, na kabla seva zake hazijahamishiwa Kenya mwaka 2015, ujumbe ulikuwa unaenda Ujerumani kwanza.

Mtindo huu wa kupitia kwa mkubwa si mpya. Mwaka 1974 kampuni ya IBM ya Marekani ilileta SNA, utaratibu wa kuunganisha kompyuta kuu na vituo vya mbali, mfano kaunta za benki. Kituo hakikuropoka tu. Kilipiga hodi kwa msimamizi aliyekaa ndani ya kompyuta kuu. Akikubali, programu inayotakiwa ilituma masharti: ujumbe uwe mrefu kiasi gani, nani aseme lini. Kituo kikiitikia, kikao kimefunguliwa. Wakimaliza, kinafungwa rasmi.

Faida ilikuwepo: kila kikao kilijulikana, hakuna kuingiliana. Lakini vituo viwili jirani havikuweza kuongea vyenyewe, na msimamizi akizimika, hakuna kikao kipya. Ilibidi ifike miaka ya 1980 ndipo IBM ikaruhusu kompyuta ndogo zifungue vikao zenyewe kwa zenyewe.

Sasa sisi je? Seva zimerudi nyumbani, sawa. Lakini mtandao ukikatika kisiwani, mimi na jirani hatulipani kwa simu, hata tukiwa baraza moja. Mkubwa awepo, sikatai. Ila asipoitikia hodi, nasi tuwe na njia yetu. Nyinyi mwaonaje?