Watu wa Kimya Waliotuletea Wimbo



Kijitabu cha Jubilei husomwa kuanzia kwenye picha. Kila mtu hutafuta uso wake kwanza, kisha uso wa mama yake, kisha wa wale waliotutangulia. Hiyo ni haki yenu. Lakini mkimaliza picha, rudini kwenye ukurasa huu kidogo, hasa ninyi vijana mnaovaa sare ya kwaya leo. Kuna swali ambalo ni vizuri tulijibu wakati huu wa kusherehekea: wimbo wetu ulitoka wapi?

Swali hili si dogo kwa watu wa Kanisa la Marafiki. Mwenzetu wa Quaker kutoka Uingereza akiingia kwetu hapa Bokoli siku ya Jumapili, atashangaa. Kwao ibada ni kuketi kimya pamoja. Hakuna kwaya, hakuna kinanda, na mara nyingi hakuna pasta. Mtu husimama akaongea akisukumwa na Roho, kisha huketi. Ndivyo walivyoabudu tangu siku za George Fox, katika miaka ya 1600. Waliogopa wimbo uliopangwa, kwa sababu waliona mtu anaweza kuimba kwa mdomo neno ambalo moyo wake haulijui.

Sasa, kama hao ndio wazee wa imani yetu, sisi tulianzaje kuimba sauti nne?

Watatu waliofika Kaimosi

Jibu linaanzia Marekani. Baada ya miaka ya 1860, uamsho uliwapitia Marafiki wa Ohio, Indiana, Iowa na Kansas. Wakaanza kuhubiri kwa sauti, kuita watu watubu, kuajiri mapasta, na kuimba. Wazee wao wengi walihuzunika, na baadhi ya mikutano iligawanyika. Lakini katika uamsho huo walilelewa vijana waliotamani kwenda mbali na Injili.

Watatu kati yao walikuwa Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Mwaka wa 1902 walishuka Mombasa, wakapanda reli iliyokuwa imefika Kisumu miezi michache tu kabla, kisha wakaingia bara kwa miguu. Mwezi wa Agosti mwaka huo walipiga kambi Kaimosi, penye msitu na mto wenye maporomoko. Waliutaka mto huo kwa sababu misheni yao ilikuwa ya kazi za mikono: walitaka maji yaendeshe mashine ya kupasua mbao. Walifundisha useremala, kufyatua matofali na kusoma, pamoja na Neno.

Tukumbuke walifika katika nchi ya namna gani. Mwaka wa 1895, miaka saba tu kabla ya Kaimosi, babu zetu Babukusu walipigwa na jeshi la Hobley huko Lumboka na Chetambe. Mlima wa Chetambe tunauona kila tukienda Webuye. Kwa hiyo mtu mweupe alijulikana kwetu kwa bunduki kabla ya kujulikana kwa Biblia. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwamini kwa maneno matupu.

Kilichofungua mlango ni kwamba hawa wengine walikaa. Walijenga nyumba. Adelaide, mke wa Edgar Hole, alimfuata mumewe. Emory Rees na mkewe Deborah walikuja mwaka wa 1904, na baadaye wakahamia Vihiga katika nchi ya Maragoli. Arthur Chilson naye alimwoa Edna, na wakamlea binti yao Rachel katika maisha ya misheni. Watu waliona mume na mke wakila meza moja, wakiugua malaria kama wengine, wakijifunza lugha na kukosea mbele ya watoto. Mhubiri anayepita husikilizwa siku moja, lakini jamaa inayoishi nawe unaipima miaka mingi.

Walioshika kamba upande wa pili

Tusidanganyane kwamba wageni hao walifanya kazi peke yao. Kaimosi ilisimama kwa sababu kulikuwa na jamaa za hapa pia. Daudi Lung'aho na mkewe Maria Maraga walikuwa kati ya wa kwanza kumkiri Kristo, na nyumba yao ikawa mfano kwa wengi. Huko Vihiga, Emory Rees asingeweza kutafsiri Agano Jipya kwa Luragoli bila wasaidizi wa hapa. Baadaye Jefferson Ford na Joel Litu walifanya kazi ya Agano la Kale, hata Biblia nzima ya Luragoli ikatoka mwaka wa 1951.

Huyo Jefferson Ford, na mkewe Helen, ndio wanaotuhusu sisi kwa karibu. Walikuja Kenya mwaka wa 1914 na kufanya kazi Lugulu. Mpaka leo hospitali na shule ya wasichana za Lugulu ni matunda ya misheni hiyo. Kutoka Lugulu Injili ilisambaa upande huu wa Nzoia, na waliobeba wengi walikuwa watu wa hapa: walimu wa shule za vijijini, waliotembea bila viatu wakiwa na kitabu kimoja, wakifundisha herufi asubuhi na wimbo jioni. Wimbo ulishika haraka kuliko herufi. Mama asiyejua kusoma aliweza kurudi shambani na mahubiri yote kichwani, kwa sababu yalikuwa katika beti.

Uchungu uliofichwa katika historia yetu

Jubilei si siku ya kupaka rangi kuta zilizopasuka. Mambo matatu yanafaa kusemwa.

La kwanza ni lugha. Kitabu tulichopewa kilikuwa cha Luragoli. Babu zetu waliomba na kuimba kwa maneno ya majirani, wakameza mate. Jambo hilo halikuwa la maneno tu. Lilichangia hisia kwamba upande wa Elgon ni wageni katika kanisa lao wenyewe. Katika miaka ya 1970 Marafiki wa upande huu walijitenga na kuunda umoja wao. Wakati huo Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, ulioundwa mwaka wa 1946, ulikuwa umeongozwa na Waafrika kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo ugomvi huo hatuwezi kuwatwika wamishonari peke yao.

La pili ni ngoma. Wamishonari waliona pombe na sherehe za kutahiri, wakaona na ngoma na litungu vikiwa karibu, wakaweka vyote kwenye kapu moja. Kijana aliyeokoka aliambiwa aache vyote. Wengine walikataa. Elijah Masinde, mzaliwa wa Maeni huko Kimilili na mchezaji hodari wa mpira, alikuwa mtu wa Marafiki kabla ya kutengwa kwa sababu ya kuoa mke wa pili. Ndiye aliyeongoza Dini ya Msambwa, akiwaita watu warudi kwa ibada za mababu. Mwezi wa Februari 1948 wafuasi wa dini hiyo walipigwa risasi Malakisi. Si lazima ukubaliane na Masinde ili uulize kama kanisa lingempoteza iwapo lingejua kutofautisha pombe na litungu.

La tatu ndilo linaloigusa kwaya zaidi. Mwaka wa 1927 Arthur Chilson alifundisha Kaimosi juu ya Roho Mtakatifu. Watu wakatubu kwa sauti, wakalia, wakatetemeka, wakanena kwa lugha. Familia ya Chilson ilipoondoka kurudi Marekani, viongozi waliobaki waliona huo ni vurugu, wakaukataza. Waliokataa kunyamaza walitengwa, na kutoka kwao yakazaliwa makanisa ya Roho ambayo majirani zetu wengi huabudu humo leo.

Hebu angalieni mzunguko huo. Wamishonari wale walikuwa wana wa uamsho. Nyumbani kwao wazee wao wa kimya waliwalaumu kwa kuimba. Walipofika kwetu na sisi tukapaza sauti, wao wakawa wazee wanaolaumu.

Chilson mwenyewe hakuacha kazi. Mwaka wa 1934, wakati watu wa umri wake wanafikiria kupumzika, yeye na Edna na Rachel walikwenda Burundi wakaanzisha misheni ya Kibimba. Arthur alifariki huko mwaka wa 1939. Edna aliandika kitabu cha maisha yake. Jamaa hiyo ilianza upya mahali pasipo nyumba wala rafiki, kama Kaimosi mara ya kwanza.

Neno kwa wanaoshika wimbo sasa

Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wale watu wa kimya sasa wanaimba, na sauti kubwa zaidi inatoka huku kwetu. Litungu na isukuti ambavyo babu aliambiwa aviache mlangoni, vimeingia mpaka mbele ya mimbari, na hakuna aliyepotea kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo, wazee wangu na wenzangu wa kwaya, vijana wakija na mpigo tusioujua, tusiwe wepesi wa kusema "huo si wimbo wa kanisa". Neno hilo lilisemwa Ohio, likasemwa Kaimosi, na kila mara lilitufukuzia ndugu. Tuupime wimbo kwa maneno yake na kwa maisha ya anayeuimba.

Nanyi vijana, msidharau kimya. Wale wa kwanza walinyamaza kwa sababu waliogopa kumwambia Mungu uongo kwa sauti tamu. Hofu hiyo ni nzuri. Kabla ya mwalimu wa kwaya kuinua mkono, kaeni dakika moja bila neno, mjiulize kama mnachokwenda kuimba mnakiamini. Kisha imbeni kwa nguvu zenu zote.

Tunamshukuru Mungu kwa walioacha makwao wakaja, na kwa wa hapa waliowapokea, wakawasahihisha na kuwazidi.